Wakio Hana Mume

Kule Sagalla, ukitaka kitu kisichowezekana, watu walikuambia, "Kamwombe Mzee Crispus." Si kwamba Mzee Crispus Mwanjala alikuwa mtu mbaya, la hasha! Alikuwa mzee wa kanisa, mgeni hakutoka kwake na njaa, na hata kiangazi kikali hakikumfanya amnyime jirani ndoo ya maji. Lakini akishasema hapana, jamani, ungeleta serikali nzima na bendera yake, hapana ingebaki hapana.

Na hapana yake kubwa kuliko zote ilimhusu binti yake wa pili, Wakio.

Wakio alikuwa amependana na Hudson Mwakesi, fundi wa mitambo katika shamba la mkonge kule chini Voi. Kijana mpole, mchapakazi, wala hanywi. Wazee wa Hudson walipanda mlima na pombe ya kuchumbia na maneno matamu. Mzee Crispus aliwakaribisha vizuri, akawalisha wakashiba, kisha akawaambia, "Nyumba yangu ina mabinti wawili na mlango ni mmoja. Mkubwa hajatoka. Huyu mdogo atapita wapi, juu ya kichwa cha dada yake?"

Mkubwa ndiye Wakesho, mwalimu wa shule ya msingi pale Voi, ambaye hakuwa ameolewa na wala hakuonekana kuwa na haraka. Wazee wakateremka na pombe yao. Mwaka uliofuata wakapanda tena, wakashushwa tena. Wakio akachoka kungoja. Siku moja akafunga nguo zake akamfuata Hudson kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge, akamzalia mtoto wa kike, maisha yakaendelea. Kwa kila mtu Sagalla na Voi, Wakio alikuwa mke wa Hudson. Kila mtu isipokuwa mmoja, na mnamjua.

"Basi huyu mjukuu unayembeba mgongoni ulimwokota wapi?" mkewe Lois alikuwa akimuuliza.

"Mtoto ni wa Mungu," Mzee alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku ile Wakio alipokuja kumtembelea mama yake na tumbo likamshika. Mwanzoni Lois alidhani ni chango, akamchemshia dawa. Kufika alfajiri, Wakio alikuwa amejikunja sakafuni, jasho linamtiririka, hawezi hata kulitaja jina la mtoto wake. Mzee Crispus na majirani wakamteremsha mlima kwa machela, wakapata gari la kubeba mboga, wakamfikisha hospitali ya misheni huko ng'ambo ya Voi. Lois alibaki nyumbani na mjukuu. Wakesho aliwakuta njiani, ameacha darasa lake. Hudson alikuja mbio kutoka kiwandani, nguo za kazi zimejaa mafuta.

Bahati yao, siku hiyo daktari mpasuaji alikuwepo. Alikuwa akija kwa gari moshi kutoka Mombasa mara moja kwa mwezi, anafanya kazi yake, anarudi. Alimpima Wakio, akatoka uso umemkunjamana. "Ana uvimbe kwenye mfuko wa mayai," akasema, "na umejisokota. Lazima nimpasue leo. Mkimpeleka Mombasa kwa barabara, sidhani atafika."

Mzee Crispus hakuwa na shaka kuhusu malipo, maana alikuwa amejiandaa. Akaliweka sawa koti lake, akaenda dirisha la malipo ambako kulikuwa na mwanamke wa makamo aitwaye Alice, akamwekea mbele kadi ya bima ya hospitali.

"Hii hapa, mama. Mkampasue mtoto wangu."

Alice akaitazama. "Hii ni ya Mwalimu Wakesho. Mgonjwa ni Wakio."

"Ni dada yake. Tumbo moja, baba mmoja. Mimi mwenyewe."

"Baba," Wakesho akamnong'oneza kutoka nyuma, "si nilikuambia njiani?"

Kweli alikuwa amemwambia, lakini Mzee alikuwa amekataa kusikia. Kwake yeye kadi ya bima ilikuwa kama sufuria ya nyumbani: ikishaepuliwa, mtoto yeyote wa nyumba atakuja na sahani yake. Serikali ingewezaje kumkata mwalimu mshahara kila mwezi, halafu ikatae kumtibu mdogo wake? Si ndiyo familia hiyo?

"Mzee wangu," Alice akasema taratibu, na ilionekana alikuwa ameyasema maneno haya kwa watu wengi, "familia unayoijua wewe na familia inayojulikana na bima ni mbili tofauti. Kwa bima, familia ni mwenye kadi, mke au mume wake, na watoto wake. Basi. Dada hayumo. Kaka hayumo. Hata wewe uliyemzaa Wakesho humo."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Mzee Crispus akamgeukia Wakesho kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kusogea karibu, maana mambo ya wenzao ni matamu.

"Sasa nisaidie nikusaidie," Alice akaendelea. "Huyu Wakio ameajiriwa?"

"Hapana. Analima."

"Ana mume?"

Hudson alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya Mzee, na kadi yake mwenyewe imo mfukoni mwa shati, mkono umeishika kwa nje kana kwamba itaruka. Aliinua macho. Wakesho naye aliinua macho. Na Mzee Crispus, kwa ile sauti yake ya kanisani, akasema, "Hana."

Yesu wangu! Hudson akatazama viatu vyake.

"Hana mume," Alice akarudia. "Basi itabidi mlipe pesa taslimu kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Ndiyo sheria ya hapa, sikuitunga mimi."

"Nitauza ng'ombe."

"Mzee, ng'ombe wako Sagalla wanakula majani, na daktari yuko hapa anaosha mikono." Kisha Alice akanyoosha shingo. "Na huyu kijana aliyesimama hapa muda wote na mafuta ya mashine, ni nani?"

"Ni mtu wa Voi," Mzee akasema. "Ametusindikiza."

Hudson akafungua mdomo. Lazima ieleweke hali ya yule kijana. Mkwe habishiwi. Mkwe aliyekukubali habishiwi, sembuse ambaye hajakukubali bado! Ukimwumbua leo mbele ya watu, kesho utakwenda kumwomba nini, na kwa uso gani? Lakini mkewe alikuwa nyuma ya mlango ule analia, na sauti yake ilisikika hadi dirishani. "Mama," Hudson akamwambia Alice, "mimi nina kadi. Nilijiunga mwenyewe kwa hiari, mshahara wangu ni mdogo, haukatwi kwa lazima. Nilijiunga kwa ajili yake na mtoto."

"Kwa ajili ya nani?"

Hudson akamtazama Mzee Crispus. Mzee Crispus akatazama ukuta.

Alice hakuwa mjinga. Aliwatazama wote wawili, akaelewa, akashusha pumzi. "Haya, nisikilizeni nyote," akasema. "Ndoa ya kimila tunaikubali hapa. Cheti cha kanisa si lazima. Chifu akiandika, yatosha. Na mzazi wa mwanamke akisimama hapa akasema huyu ni mke wa fulani, pia yatosha, naandika, mgonjwa anaingia. Lakini wewe mzazi umeniambia kwa kinywa chako kwamba hana mume. Nimekusikia, na foleni yote imekusikia. Mimi nifanye nini?"

Chifu alikuwa amekwenda Wundanyi mkutanoni. Kwa hiyo kazi ilibaki kwa mdomo mmoja tu, na mdomo huo ulikuwa umefungwa.

Mzee Crispus akatoka nje, akaketi kwenye ukingo wa saruji karibu na tangi la maji. Watu wangemwona mkatili, alijua. Lakini wao hawakumjua dada yake.

Dada yake mkubwa alirukwa. Mdogo wao aliolewa kwanza, kwa haraka, kwa sababu wenye mahari walikuwa matajiri, na baba yao akasema mkubwa atapata wake tu. Hakupata. Watu wakamwita Yule Aliyerukwa, kisimani, sokoni, hata watoto wadogo. Crispus alikuwa mvulana wakati huo, akaona jinsi dada yake alivyoanza kuteka maji peke yake jua likiwa kali, ili asikutane na mtu. Aliapa moyoni kwamba akizaa mabinti hakuna atakayerukwa. Na sasa akisimama kwenye dirisha lile, mbele ya foleni yote ya Voi, aseme Wakio ni mke wa mtu, ndiyo basi. Neno la baba mbele ya mashahidi halirudi. Wakesho atakuwa amerukwa kwa kinywa chake yeye mwenyewe.

Wakesho akaja akaketi kando yake.

"Baba, unanilinda mimi?"

Mzee akaivuta kofia yake hadi machoni.

"Najua habari za shangazi. Mama alinieleza. Lakini mimi si shangazi. Mimi maji yangu nateka na wenzangu, tunacheka. Nina watoto wengi darasani wanaoniita mwalimu. Nikitaka kuolewa nitaolewa, nisipotaka sitaolewa, na hakuna atakayeniita jina nikanyamaza. Hiyo heshima unayonilindia sikukutuma."

"Wewe hujui maneno ya watu."

"Nayajua." Hapo sauti ya Wakesho ikabadilika, ikawa ndogo. "Sasa nikuulize. Wakio akifa leo hapo ndani, watu wataniitaje? Watasema huyu ndiye dada aliyengojewa mpaka mdogo wake akafa. Hilo jina, baba, nitalibeba wapi? Nitalipeleka kisima gani?"

Mzee Crispus alimtazama binti yake kama anayemwona mara ya kwanza. Miaka yote alikuwa akichunga mlango wa mbele, kumbe moto umeingia kwa nyuma. Aliogopa. Akasimama haraka hata kofia ikamdondoka, hakuiokota.

Aliipita foleni yote bila kuomba radhi. Bibi mmoja aliyekuwa na mguu mbovu akamlalamikia, hakusikia. Akamkamata Hudson mkono, yule kijana akashtuka akidhani anapigwa, akamvuta hadi dirishani.

"Mama Alice!"

"Naam, mzee."

"Andika. Wakio binti Crispus Mwanjala ni mke wa huyu. Hudson Mwakesi. Ni mke wake tangu alipotoka kwangu. Mtoto ni wao. Mimi ndiye baba, na nimesema."

"Nilidhani hana mume," Alice akasema, uso mkavu.

"Hata mimi nilidhani hivyo," Mzee akajibu. "Tulikosea. Andika, mama, andika upesi!"

Foleni ikapasuka kwa kicheko. Yule bibi wa mguu mbovu akasema, "Amina!" na mtu mwingine akapiga makofi. Hudson aliitoa kadi mfukoni, kwa haraka hata ikaanguka, akaiokota, akaipeleka dirishani, na ile kadi ilikuwa na alama ya kidole cha mafuta katikati. Alice hakujali. Aliandika, akaita, mlango ukafunguliwa, machela ikapita. Wakio alikuwa amefumba macho, hakujua lililotokea. Mzee alimgusa kidole cha mguu alipokuwa akipita, basi.

Kungoja kulikuwa kazi. Wakesho alisali, Hudson alizunguka lile tangi la maji mpaka akachosha watu. Mwishowe daktari akatoka, amevaa viatu vya mpira, anajifuta shingo, na kabla hajasema lolote waliona kwamba alikuwa anatabasamu. Uvimbe umetoka wote, akasema, mkubwa kama embe dodo. Mfuko mmoja wa mayai ameuokoa. Damu haikupotea nyingi. Mgonjwa amelala, na akiamka atakuwa na maumivu, lakini ni maumivu ya kupona.

"Alhamdulillahi," akasema mwanamume Mwislamu aliyekuwa akimngoja mama yake pale benchi, na Mzee Crispus, mzee wa kanisa, akamjibu "Alhamdulillahi" kwa nguvu zote bila kufikiri. Hudson aliketi chini palepale alipokuwa amesimama, akalia bila aibu. Wakesho akacheka na kulia kwa pamoja. Na Mzee akagundua kwamba ana njaa, njaa kali, njaa ya mtu aliyelima siku nzima.

"Twende tukale," akasema. Kisha, baada ya kumeza mate, "Twende, mkwe."

Hudson aliinuka kama aliyepigwa na umeme.

Kwenye hoteli ndogo iliyo mkabala na lango la hospitali, Mzee aliagiza chai na mandazi ya watu watatu, akala ya wawili. Moyo ukiwa mwepesi mtu huwa na maswali mengi. Akataka kujua mambo ya bima, yote, tangu mwanzo. Hudson akamweleza jinsi wenye mishahara mikubwa wanavyokatwa wapende wasipende, na jinsi siku hizi hata mtu wa mshahara mdogo, hata mkulima wa Sagalla, anaweza kujiunga kwa hiari yake.

"Kadi yako inatubeba mimi na mama yako Lois?"

"Hapana, baba. Wazazi hawamo."

"Ya Wakesho?"

"Pia hapana."

"Lo! Nimezaa, nimesomesha, nimetoa mke, na bado niko nje ya kila kadi!"

"Lakini ukijiunga wewe mwenyewe," Wakesho akamwambia, "mama ataingia kwa kadi yako. Wewe ni mume wake."

Mzee Crispus akaacha kutafuna. "Nitathibitisha vipi? Sisi tulioana kimila. Cheti sina. Na baba yake Lois alikufa zamani. Nani atasimama dirishani anisemee mimi?"

"Omba chifu awe mzima," Wakesho akamjibu.

"Na asiwe Wundanyi," akaongeza Hudson, kwa woga kidogo, maana ulikuwa utani wake wa kwanza kwa mkwe. Mzee akamtazama kwa ukali. Kisha akacheka mpaka chai ikampalia, na Hudson akampiga mgongoni, na hakuna aliyeona ajabu.

Waliporudi, muuguzi, Sista Elsie, alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi ya wanawake. "Ameamka," akasema. "Bado ni dhaifu, kwa hiyo ataingia mtu mmoja tu. Mume wake ni nani?"

Mzee Crispus alikuwa ameshatangulia, mguu mmoja ndani. Alikuwa baba yake, nani mwingine angeingia? Kisha akasimama. Akaurudisha mguu. Ilimchoma, msidhani haikumchoma. Akamshika Hudson begani, akamsukuma mbele.

"Huyu hapa."

Hudson akaingia. Mzee akaketi kwenye benchi, akatazama mikono yake. Ndiyo hivyo sasa, aliwaza. Umemtoa, amekwenda, watamwita huyo kwanza siku zote. Na bado moyo haukuwa mzito kama alivyoogopa miaka yote ile. Binti yu hai. Wakesho aliketi kando yake, akamwegemea bega.

Haukupita muda Hudson akatoka.

"Mbona upesi hivyo?" Mzee akashtuka. "Ana nini?"

"Hana kitu, baba. Amenifukuza." Hudson alikuwa anacheka na macho yamelowa. "Nimemwambia ulichosema dirishani, hataki kuniamini. Anasema nimebuni ili apone. Anakutaka wewe."

Sista Elsie akatikisa kichwa, lakini akasogea pembeni.

Wakio alikuwa kitanda cha tatu, midomo imekauka, uso umemnywea. Alipomwona baba yake alijaribu kuinuka, maumivu yakamrudisha chini. Mzee akapiga magoti kando ya kitanda, maana kiti hakikuwepo na miguu haikutaka kungoja.

"Baba," Wakio akasema kwa sauti ya kunong'ona, "ni kweli ulisema?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya foleni nzima. Hata bibi mmoja aliitikia amina."

Machozi yakamtoka Wakio pembeni mwa macho, yakateremka hadi masikioni, na Mzee akayafuta kwa ncha ya koti lake. Miaka yote ile Wakio hakuwahi kumlilia, wala kumbishia. Alikuwa ameondoka kimya, na ule ukimya ndio ulikuwa umemuuma mzee kuliko kuondoka kwenyewe.

"Mimi sikuwepo, baba," akasema. "Mimi ndiye niliyengoja kulisikia, na nilikuwa nimelala. Niambie mimi."

Wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa wameacha kuzungumza. Mzee Crispus alisafisha koo. Alijaribu kulisema kwa sauti ya chini, ya mtu na mwanawe, lakini yule mzee hakuwa na sauti ya chini, Mungu hakumpa.

"Wakio, wewe ni mke wa Hudson Mwakesi," akasema, na wodi nzima ikamsikia.